AKIBA YA MIANZI: SAFARI YA MBARARA NA NAKIVALE

Msafiri atokaye Kampala kwa njia ya Masaka, akikaza mwendo wa kilomita 270 hivi, hufika Mbarara, mji ulio kitovu cha nchi ya Ankole. Hapo hulakiwa na sanamu ya ng'ombe mwenye pembe ndefu zilizopinda kama mwezi mwandamo, alama ya fahari ya wenyeji. Wakongwe wa jeshi huukumbuka mji huu kwa mambo mengine: mapigano ya Septemba 1972, na yale ya Februari 1979 wakati majeshi ya Tanzania yalipouteka na majengo yake mengi yakaanguka. Leo makovu hayo yamefunikwa na maghorofa, na chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1989, na hekaheka za biashara ya maziwa na ndizi. Na tangu tarehe 1 Julai 2020 Mbarara umehesabiwa miongoni mwa majiji ya Uganda.

Lakini safari yetu haikuwa ya kutazama ng'ombe wala kusimulia vita. Tulikwenda kutafuta mwanzi. Siku hizi yasemwa sana, redioni na katika mikutano ya wakuu, kwamba mwanzi ni ghala la kaboni; kwamba huinyonya ile hewa ya ukaa itokayo katika moshi wa magari, viwanda na misitu ichomwayo, na kuifungia ndani yake isizidi kuipasha dunia joto. Maneno hayo ni mazuri kusikika. Ila mtu aliyewahi kuweka akiba, awe askari akatwaye mshahara kila mwezi kwa ajili ya chama cha akiba na mikopo, au mama afichaye mbegu darini, atauliza mara moja maswali matatu: akiba hiyo yakaa wapi, yadumu muda gani, na mlinzi wake ni nani? Tulishika njia tukiwa na maswali hayo matatu.

MTO RWIZI NA RANGI YAKE

Kwanza tulisimama kando ya mto Rwizi. Mto huu huzaliwa katika vilima vya Buhweju, hupita Mbarara na kuunywesha mji, kisha hujikokota kuelekea mashariki hadi kwenye vinamasi na maziwa madogo, Mburo na Nakivale yakiwamo. Wazee husema kwamba mto waliouogelea utotoni sio huu. Kingo zimelimwa hadi majini, mchanga umechimbwa, udongo wa matofali umechotwa, na mvua ikinyesha maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya watu unaohama. Nao hauhami peke yake, kwa kuwa ndani yake mna mboji, na mboji ni kaboni iliyowekwa hapo na majani na mizizi ya miaka mingi.

Ndiyo sababu mwanzi hutajwa kila panapozungumzwa habari za kuponya kingo za mito. Mizizi yake myembamba husukana kama mkeka katika tabaka la juu la udongo, majani yake makavu huutandika, na mvua kubwa ikija hupoteza ukali wake kabla ya kugusa ardhi. Penye kichaka cha mianzi ukingo husimama. Basi hata kabla hatujafika tuendako, tulikwisha kupata nusu ya jibu la swali la kwanza: sehemu ya akiba ya mwanzi haionekani kwa macho, kwa maana imo chini ya nyayo zetu.

MAKAZI YA MUDA YALIYOZEEKA

Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni kiasi cha kilomita 60. Njia hukata wilaya ya Isingiro, nchi ya migomba iliyovalishwa vilima kama shuka. Polepole migomba huwa haba, nyasi hukauka, migunga hujitokeza na miiba yake, na mwishoni ziwa huonekana likimeta bondeni.

Makazi ya Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe zaidi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi walipoikimbia Rwanda. Wengi wa jamaa hizo walirejea kwao baada ya mwaka 1994, lakini mahali pao hapakubaki patupu: walikuja Wakongo, Warundi, Wanyarwanda wengine, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Leo watu zaidi ya 150,000 huishi katika eneo la kilomita za mraba 185 hivi, lililogawanywa katika sehemu tatu, Base Camp, Rubondo na Juru. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na kila jamaa hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Sokoni utasikia lugha nyingi, lakini bei ikianza kushindaniwa, aghalabu Kiswahili ndicho kiamuzi.

Watu wengi hivyo hula kila siku, na chakula hakiivi kwa baraka za maneno. Karibu kila nyumba hupika kwa kuni au makaa. Matokeo yake huonekana wazi: vilima vya karibu vimenyolewa, na akina mama na watoto huenda mbali zaidi kutafuta mzigo mmoja wa kuni, wakati mwingine katika mashamba ya wenyeji, jambo liletalo ugomvi. Kila mti ukatwao na kuchomwa bila kupandwa mwingine ni akiba iliyotolewa benki pasipo kurudishwa.

Kwa nini basi watu hawapandi? Swali hili lina jibu ambalo msomaji wa gazeti hili atalielewa upesi kuliko watu wengine. Aishiye katika nyumba za kambi au za polisi ajua maana ya kukaa mahali pasipo pake. Leo amri ya uhamisho ikija, kesho godoro liko juu ya lori. Nani atapanda mwembe ambao embe zake zitaliwa na mtoto wa mwenzake? Mkimbizi huishi na swali hilohilo, tena zito zaidi, kwa kuwa hajui kama atarejea kwao, atapelekwa nchi ya mbali, au atazikwa hapohapo.

FUNDI WA RUTSHURU

Katika bonde moja lenye unyevu, si mbali na ziwa, tulimkuta mtu aliyelijibu swali hilo kwa namna yake. Ni fundi wa samani, Mkongo wa upande wa Rutshuru, aliyelelewa chini ya milima ya Virunga na kufundishwa na baba yake kusuka vikapu vya mianzi. Alivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2008 pamoja na mkewe na watoto wawili. Mwaka 2014 alileta kutoka upande wa Mbarara vipande vitatu vya mwanzi wa kawaida wa mabondeni, akavilaza katika mashimo aliyotia samadi, akavimwagilia kwa ndoo. Jirani mmoja alimcheka, akamwuliza, "Fundi, wewe hata kura huna hapa, unapanda msitu wa nani?"

Leo vipande vile ni vichaka vitatu virefu kuliko nyumba. Upepo ukivuma hulia na kusuguana, na chini yake pana kivuli baridi. Mkewe alitukaribisha hapo kwa maneno ya kwao, "Karibuni, bapapa, mukae," akatupa viti ambavyo vimetoka katika kichaka hichohicho kilichotutilia kivuli.

KICHAKA KAMA KIKOSI

Mwanzi si mti. Ni jamaa ya nyasi, ndugu wa mahindi, mtama, mpunga na muwa. Mti hunenepa mwaka hata mwaka. Mwanzi hauongezi unene. Chipukizi hutoka ardhini likiwa na unene wake wote, na katika msimu mmoja, yaani miezi michache tu, hufikia kimo chake chote. Nguvu za kukua hivyo hazitoki kwake mwenyewe, kwa kuwa bado hana majani. Hutoka katika matunguu yaliyo ardhini, mfano wa tangawizi, ambayo yameshibishwa na mianzi wakubwa waliotangulia.

Mwaka wa kwanza mwanzi ni kuruti: mrefu, lakini laini na mwenye maji mengi. Mwaka wa pili na wa tatu hukakamaa, kuta zake hujaa, naye akawa askari kamili. Kati ya mwaka wa tatu na wa tano amekomaa na afaa kwa kazi. Asipokatwa, huendelea kusimama hadi afikie umri wa miaka minane au kumi hivi, kisha hukauka, huanguka na kuoza palepale.

Hapa ndipo penye fundo la habari yetu. Majani ya mwanzi, kama majani yote, huvuta hewa ya ukaa, na kwa nguvu za jua na maji yatokayo mizizini huigeuza kuwa sukari, kisha kuwa nyuzi na kuta za shina. Karibu nusu ya uzito wa mwanzi mkavu ni kaboni. Kwa hiyo kichaka kipya, miaka yake ya mwanzo, huweka akiba kwa haraka ya ajabu. Lakini kikosi kikishatimia, kila mwaka waingiapo makuruti, wazee kadhaa hufa. Wanaooza huirudisha hewani ile kaboni waliyoivuta. Ghala limejaa, kiingiacho ni sawa na kitokacho. Kichaka kilichoachwa pasipo mkono wa mtu hakiendelei kuongeza akiba milele, hata kingekuwa kizuri namna gani machoni.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Akiba ya mwanzi huoza. Haiozi tu pale mtu anapouchukua mwanzi uliokomaa, kabla ya kufa kwake, na kuutia katika kitu kitakachodumu: kiti, kitanda, ngazi, dari, ukuta wa nyumba. Hapo kaboni hutoka kichakani ikiwa imefungwa, ikahamia nyumbani. Na kule kichakani nafasi iliyoachwa hujazwa na chipukizi jipya ambalo huanza kuvuta upya. Matunguu hayafi kwa kukatwa shina, wala udongo haupinduliwi, ndiyo maana kaboni iliyo ardhini nayo hubaki salama. Wataalamu wa China, nchi iliyofanya uchunguzi mwingi kuliko nyingine, wameona kwamba shamba la mianzi linalovunwa kwa utaratibu, na mavuno yake kufanywa vitu vya kudumu, huweza kushindana na shamba la miti ikuayo haraka. Ilhali lile lisilovunwa hubaki nyuma sana.

Msomaji asidhani kwamba kila kitumikacho ni akiba. Fundi hupikia mabaki ya mianzi, na mke wake husifu moto wake. Hilo ni jema, kwa sababu kila mzigo wa mianzi uchomwao huokoa mzigo wa miti, na kichaka huirudisha kaboni hiyo katika miaka mitatu au minne. Lakini huo ni mzunguko tu, kama fedha za sokoni zipitazo mkononi. Akiba ni kile kisichochomwa.

MISITU YA ECHUYA NA MGAHINGA

Tulipomwuliza fundi kama mianzi yake ni sawa na ile ya kwao, alicheka. Mianzi ya Virunga ni ya jamii nyingine, ipendayo baridi na ukungu. Kwa upande wa Uganda mtu aweza kuiona akishika njia ya Mbarara hadi Kabale, kisha akapanda kuelekea Kisoro. Hapo barabara hupita katika msitu wa Echuya, wenye kilomita za mraba 34 hivi, ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Wanyarwanda huuita mmea huo umugano, na Wakiga omugano; huonekana pia Mgahinga, ambako sokwe wakubwa wa milimani hushuka msimu wa machipukizi kuyala, na katika mlima Elgon, ambako Wagisu huyakausha machipukizi kwa moshi na kuyapika kwa karanga, chakula chao mashuhuri kiitwacho malewa.

Watwa, ambao tangu kale waliishi kwa misitu hiyo, walitolewa Mgahinga na Bwindi mwaka 1991 misitu hiyo ilipofanywa mbuga za taifa. Wengi wao waliosogea kandokando ya Echuya wameendelea kusuka vikapu vya mianzi. Na katika msitu huo limeonekana jambo la kufikirisha: katika miaka mingi iliyopita sehemu za mianzi mitupu zimepungua, na miti imeingia katikati yake. Mwanzi hupenda mwanga. Miti ikiufunika, hudhoofika. Kwa hiyo hata msituni, akiba ya mwanzi hutegemea jinsi watu waishivyo nao, wasiufyeke wote wala wasiusahau.

MWAKA WA MAUA

Iko hatari nyingine ambayo wapanzi wengi hawaijui. Jamii nyingi za mianzi huchanua mara moja tu baada ya miongo ya miaka, tena huchanua zote kwa pamoja, kisha zikafa zote kwa pamoja. Kaboni ya msitu mzima ikaanza kurudi hewani kama askari wote wa kikosi kustaafu siku moja.

Hadithi mashuhuri kuliko zote ni ya Mizoram, kaskazini mashariki ya India. Huko jamii moja ya mianzi huchanua kila baada ya miaka 48 hivi. Ilichanua mwaka 1959. Panya walikula mbegu zake wakaongezeka pasipo kiasi, na mbegu zilipokwisha wakahamia mashambani na maghalani. Njaa ikaingia. Watu walinung'unika kwamba kilio chao hakikusikizwa, chama kilichoanzishwa kusaidia wenye njaa kikageuka chama cha siasa, na mwaka 1966 yakazuka maasi yaliyokwisha kwa mapatano ya amani mwaka 1986. Mianzi ilipochanua tena mwaka 2007, serikali ilikuwa imejiandaa. Kwa askari funzo ni wazi: hata maua ya msituni yaweza kuwa habari ya usalama.

Mwanzi wa fundi wa Nakivale huchanua kwa nadra mno, na hiyo ni bahati yake. Hata hivyo apandaye kwa wingi asipande jamii moja tu, wala asisahau miti. Wala mwanzi haufai kila mahali. Katika vilima vikavu vya Isingiro utateseka. Unapenda bonde, ukingo na mahali pafikapo maji. Tena ni kosa kukausha kinamasi cha mafunjo ili kupanda mianzi, kwa kuwa kinamasi chenyewe ni ghala la kaboni lililojaa kwa karne nyingi.

KITI KINACHODUMU

Swali la pili lilikuwa la muda. Jibu lake tulilipata katika karakana ya fundi, ambayo ni paa la bati juu ya nguzo nne. Mwanzi mbichi uliochomekwa ardhini bila kutibiwa hudumu mwaka mmoja hadi mitatu tu. Uliowekwa chini ya paa, mkavu, huweza kufika miaka mitano au sita. Uliotibiwa vema na kulindwa na mvua hudumu miongo ya miaka. Tofauti hiyo yote, kutoka mwaka mmoja hadi miongo, ni kazi ya mikono.

Fundi alitueleza kanuni zake, nasi twazitoa hapa kwa faida ya jamaa zenye kichaka nyumbani.

Kwanza, kila msimu hutia alama ya rangi mianzi iliyoota mwaka huo, ili asiye na uzoefu asikate kuruti akidhani ni mzee. Hukata ile iliyotimiza miaka mitatu na kuendelea, wala hakati zaidi ya theluthi moja ya kichaka kwa mwaka mmoja. Hukata juu kidogo ya kifundo kilicho karibu na ardhi, ili maji yasituame katika kisiki na kukiozesha.

Pili, hukata wakati wa kiangazi. Ndani ya shina mna wanga, na wanga ndio chakula cha fukusi. Mwanzi wake huu wa mabondeni una wanga mwingi kuliko jamii nyingine, kwa hiyo asipoangalia, baada ya miezi michache ataona unga mweupe ukidondoka kutoka kitini, ishara kwamba wadudu wamo kazini.

Tatu, huilaza mianzi ndani ya maji kwa majuma kadhaa ili wanga uyeyuke, au, akipata fedha, huitoboa vifundo na kuiloweka katika maji yaliyotiwa boraksi na asidi ya boriki. Kisha huisimamisha kivulini ikauke taratibu, kwani jua kali huipasua.

Mama wa nyumbani naye ana zamu yake. Kiti cha mwanzi kisisimame kwenye sakafu yenye maji. Kipanguswe kwa kitambaa kikavu. Kila mwaka kipakwe mafuta ya kitani au vanishi. Kamba zikilegea zikazwe upya badala ya kukitupa kiti jikoni. Machipukizi yakipikwa, yakatwe vipande vyembamba, yachemshwe sana katika sufuria isiyofunikwa, na maji yale ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa yana uchungu na sumu. Na machipukizi yasichumwe yote, kwa sababu ndiyo makuruti wa mwaka ujao.

HESABU YA GARI NA VITI

Ili tusidanganyane, tulipiga hesabu. Kiti kimoja cha fundi kina uzito wa kilo 6 hivi kikiwa kikavu. Karibu nusu yake, kilo 3, ni kaboni, ambayo ilipokuwa hewani ilikuwa kilo 11 za hewa ya ukaa. Gari lililotuchukua kutoka Mbarara hadi Nakivale na kuturudisha lilikunywa petroli lita 15, na kila lita ichomwayo hutoa kilo 2.3 hivi za hewa hiyo. Jumla ni kilo 34 na zaidi. Basi safari yetu moja ya kwenda kumwona mkimbizi ilihitaji zaidi ya viti vitatu vya mkimbizi huyo kuilipia, tena viti vitakavyotunzwa visioze.

Kabla ya zama za viwanda, katika kila chembe milioni za hewa palikuwa na chembe 280 za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Ongezeko hilo halikutoka Nakivale, na mianzi peke yake haitaliondoa. Asemaye kwamba tuendelee kuchoma mafuta na misitu, kisha mianzi itatulipia, huyo ni mfanya biashara wa maneno. Lakini mtu hadharau haba kwa kuwa si kibaba. Kichaka kimoja hutoa viti, kuni, kivuli na majani ya mbuzi, hushika udongo wa ukingo, na huacha sehemu ya kaboni ardhini kwa miaka mingi. Haiko mimea mingi iwezayo kufanya hayo yote katika miaka minne mitano.

MLINZI WA AKIBA

Lilibaki swali la tatu, nalo ndilo zito. Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, fundi alitupeleka pembeni akatuonyesha kigingi kilichopigwa ardhini kati ya kichaka cha pili na cha tatu. Wageni wapya wameendelea kufika kutoka Kongo, na ardhi haiongezeki. Imebidi vipande vya zamani vipimwe upya na kugawanywa. Kwa kipimo hicho, kichaka cha tatu, kilicho kikubwa kuliko vyote, kitaangukia katika uwanja wa jamaa iliyofika juzi.

Mkewe alisema kwa uchungu, "Baba amekimwagilia miaka yote hiyo, na watakikata kwa kuni siku moja."

Fundi hakumjibu upesi. Aliketi, akachukua panga, akaanza kukata mwanzi mmoja wa miaka miwili katika vipande vyenye vifundo viwili viwili. Akatueleza kwamba jirani yule aliyemcheka mwaka 2014 amekwisha kuondoka. Alipelekwa Marekani pamoja na watoto wake. Kabla ya kusafiri aliviuza viti vinne vya mianzi alivyovinunua hapa, navyo sasa vimo katika nyumba ya Mrundi mmoja sokoni. "Mimi naviona kila nipitapo," alisema. "Mwenye viti amebadilika mara mbili. Viti havijui."

Kisha alikusanya vipande vile katika gunia bichi, akatuomba tumsindikize. Tulimkuta baba wa ile jamaa mpya akisimamisha miti ya kibanda chake. Fundi akamwamkia, akaweka gunia chini, akamwambia, "Ndugu yangu, kichaka hiki sasa ni chako. Usikikate chote. Njoo jioni nikuonyeshe ni ipi iliyokomaa, nami nitakununulia. Na hivi vipande, panda pale chini penye maji."

Mtu yule alitazama gunia, akatutazama sisi, akauliza swali ambalo tulikwisha kulisikia mara nyingi siku ile: "Na nikiondoka?"

"Atakayekuja ataketi kivulini," fundi alijibu, na akaanza kumchimbia shimo la kwanza.

Ndugu msomaji, uliye katika nyumba za kambi au za polisi, huenda nawe una ukingo wa mfereji au pembe ya uwanja penye unyevu pasipo kitu. Omba ruhusa kwa wakubwa wako, tafuta kipande chenye vifundo viwili, kilaze ardhini kabla ya mvua za vuli. Uhamisho ukija, mwachie atakayekufuata alama za rangi juu ya mianzi na neno moja la maelezo: ipi ni ya mwaka gani. Kisha chukua kiti chako, ukipakie loriini, uende nacho.